Chuo cha Salamu

Nchi ninayotaka kuisimulia haipo popote. Ukiona inafanana na nchi unayoijua, basi macho yako yana kasoro, nenda ukapimwe. Na ukifika hospitali ukaambiwa mashine ya kupimia macho imeshazinduliwa ila haijafika, usinitaje. Mimi ni msimulizi tu. Sina ubaya na mtu.

Nchi yenyewe inaitwa Adabuni, na watu wake wana heshima kupita mataifa yote. Zamani haikuwa hivyo. Zamani mtu alisimama mbele ya wenzake, akasema lililomsimamisha, akakaa. Siku moja fundi cherehani mmoja alisimama mkutanoni akasema soko limejaa taka, akakaa. Hakumtaja Naibu Waziri wa Masoko aliyekuwa ameketi pale mbele amekunja nne. Naibu Waziri akarudi nyumbani, akakataa chakula, akalala akiutazama ukuta. Madaktari wakampima mwili mzima, kisha wakalitangazia taifa kwamba Mheshimiwa anaugua kutotajwa. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, ingawa mgonjwa alikuwa hai na muda si mrefu aliulizia pilau.

Ndipo ikatungwa Sheria ya Heshima ya Jukwaa. Atakayesimama kusema ni lazima kwanza asalimu: kila mkubwa aliyepo, kwa vyeo vyake vyote, kuanzia wa juu kushuka chini, na akimruka mmoja anaanza upya. Kulikuwa na wavivu waliozoea kukata njia kwa kusema "itifaki imezingatiwa." Maneno hayo yalipigwa marufuku, na waliokutwa nayo mdomoni wakafungwa. Sheria ikasema pia kwamba salamu ni kitu kitakatifu: anayesalimu hakatizwi, na aliyesalimu haendelei mpaka aitikiwe.

Wakubwa walipoona kwamba kutajwa kunanenepesha, wakajiongezea vyeo. Mkuu wa Wilaya yetu akawa pia Mlezi wa Vilabu vya Bao, Kamanda wa Usafi na Shemeji wa Taifa. Muda wa hotuba haukuongezwa. Kwa hiyo siku hizi Adabuni hotuba huisha kabla haijaanza. Wengi wamefurahi, kwa sababu uongo katika hotuba umekoma kabisa: hakuna anayefika pale unapoanzia.

*

Ufundi mgumu namna hii ulihitaji shule. Serikali ikachukua Chuo cha Wananchi cha wilaya yetu, kilichokuwa kikifundisha useremala, uashi na ushonaji, ikatupa nje randa na pimamaji, ikapaka kuta rangi ya maziwa, ikaandika mlangoni: CHUO CHA WANANCHI CHA MAWASILIANO NA UZUNGUMZAJI WA HADHARA. Karakana ya uashi ikawa Ukumbi wa Makofi. Waashi wenyewe walipewa nafasi ya kusoma, na leo wilaya nzima huwezi kupata mtu wa kukuzibia ufa, ila ufa wako utasalimiwa vizuri sana.

Mkuu wa chuo alikuwa Dakta Fulgensi Magoda, aliyepata udaktari wake kwa utafiti juu ya kukohoa kabla ya hotuba. Alikuwa mtu mfupi mwenye tai iliyofika karibu na magoti, na alipoingia darasani alijisalimu kwanza mwenyewe, akajiitikia, ndipo akaketi. Somo lake la kwanza lilikuwa Kugonga Maiki. Sisi wanafunzi tulijifunza kuigonga kwa kidole cha kati, kuipuliza, na kuuliza, "Haloo, mnanisikia huko nyuma?" kwa sauti ya mtu asiyejali jibu. Somo hilo lilikula muhula. Lililofuata lilikuwa Kwa Namna ya Pekee, na humo tulifundishwa kumtaja mtu kwa namna ya pekee, kisha mwenzake kwa namna ya pekee zaidi, bila wa kwanza kununa.

Cheti cha chuo hiki hakikuwa pambo. Sheria ilisema hakuna mwananchi atakayenena mbele ya Baba Mlezi, kiongozi wa nchi, bila kuwa nacho.

Siku ya kufungua muhula kila mwanafunzi aliulizwa amefuata nini. Kijana mmoja aitwaye Lwitiko, mtu wa mzaha tangu kuzaliwa, alisema anataka kuwa mshereheshaji wa harusi ale ubwabwa bila kuchangia. Dakta akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akasimama mama mmoja aliyejifunga khanga kiunoni, uso mkavu, miguu imepasuka visigino.

"Naitwa Siwema. Natoka Ng'ambo ya Mto Kivuma. Nimefuata cheti, nikamwambie Baba Mlezi kwamba daraja letu halipo."

Dakta Magoda akajishika kifua.

"Mama, umesemaje?"

"Daraja halipo, mwalimu."

"Anarudia! Mama yangu, sentensi hiyo iko uchi. Ndani yake hakuna mheshimiwa hata mmoja."

"Na mtoni hakuna daraja hata moja."

Lwitiko aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi kabla hakijafika mbele. Dakta akamgeukia, akasema kikohozi kile kina mustakabali, akampa alama.

*

Lazima niseme habari za daraja hili, maana mgeni anaweza kudhani mama yule alikuwa mchokozi.

Daraja la Mto Kivuma limezinduliwa kuliko daraja lolote duniani. Kila mkubwa mpya akija wilayani hupelekwa pale. Utepe hunyooshwa kutoka ukingo huu hadi ule, mkubwa hukata ncha ya upande wake kwa mkasi uliowekwa juu ya mto wa hariri, ngoma hupigwa, picha hupigwa, chakula huliwa, magari huondoka. Vumbi likishatua, watu hutoka, huokota ile ncha iliyokatwa na kuifunga kwenye mti. Ndivyo tepe zilivyoongezeka. Watu wa Ng'ambo wakazisokota pamoja zikawa kamba, na kamba hiyo ndiyo wanayoshikilia wakivuka kwenda sokoni, zahanati na shule. Maji yakiwa kiunoni, huimba ili mwenye hofu ajue mwenzake bado yupo:

Shika utepe mwenzangu, mto hauna huruma,
Mimi na wewe na Mungu, wakubwa warudi nyuma,
Walikata kwa mizungu, wakapigiwa na ngoma,
Daraja letu ni wingu, tukikanyaga twazama.

Utauliza, kwa nini wasijenge wenyewe? Swali zuri, nalo lina jibu mahakamani. Waliwahi kukata magogo na kuanza kuyatandaza. Wakakamatwa. Hakimu akawauliza kama daraja lipo au halipo. Wakasema halipo. Akawaonyesha picha za uzinduzi, Baba Mlezi ameshika mkasi, meno yote nje.

"Basi hapa mnamwita nani mwongo?" akauliza.

Wakafungwa kwa kosa la kujenga daraja juu ya daraja.

Njia ilikuwa imebaki moja. Adabuni neno la Baba Mlezi ni sheria tangu linapomtoka mdomoni, hata akiwa amelala. Akitamka mwenyewe kwamba daraja halipo, basi halipo, na kitu kisichokuwepo hakuna anayekatazwa kukijenga. Ng'ambo walikuwa na magogo, walikuwa na shoka, walikuwa na mikono. Walichokosa ni neno moja kutoka kinywa kimoja.

Masika yaliyopita tepe zilikatika wakati Akwilini, mume wake Siwema, alipokuwa katikati ya maji. Mabegani alikuwa amembeba mtoto wa jirani, Tamimu, wa darasa la kwanza, aliyekuwa akiwahi namba za kufika shuleni asichapwe kwa kuchelewa. Walipatikana huko chini kwenye matete, mtoto bado amemkumbatia shingo. Siwema ana binti yake, Tumsime, yuko darasa la pili, na masika mengine yalikuwa njiani. Kijiji kikamchangia kuku, karanga na mkeka wa kulalia, kikamwambia: nenda ukajifunze lugha yao, urudi kabla mto haujajaa.

*

Kwa muda mrefu hakujifunza kitu. Kila alipopanda jukwaa la mazoezi alisema moja kwa moja kilichomleta, na Dakta Magoda akampigia filimbi.

"Mama, unakimbilia wapi? Hotuba ni kama ugeni. Mtu haingii jikoni kwa watu akafunua sufuria."

"Mwalimu, kwangu kunaungua."

"Hata kukiungua, kunabishwa hodi."

Nilidhani ni msemo tu. Haukupita muda nikaona kwa macho yangu kwamba mtu yule alimaanisha.

Katibu Tarafa alikuja kututembelea, na alipokuwa katikati ya salamu zake waya wa feni ulitoa cheche, dari ikashika moto. Moshi ukashuka. Katibu Tarafa alikuwa amefika kwa Mwenyekiti Msaidizi wa Kamati ya Viti, na nyuma yake kulikuwa na kamati nzima. Hakuna aliyenyanyuka. Zimamoto walifika, wakasimama mlangoni na mipira yao ya maji, wakavua kofia, wakasubiri. Mmoja wao alijaribu kuingiza mpira dirishani, mwenzake akampiga kofi mkononi na kumnong'oneza, "Huna adabu? Bado anasalimu." Nusu ya paa ilianguka. Siku iliyofuata Dakta alitukusanya uani, kwa kuwa ukumbi haukuwa na juu, akatupongeza kwamba pamoja na moshi wote ule hakuna aliyekohoa nje ya mpangilio.

Nilimkuta Siwema nyuma ya bweni akifua khanga iliyojaa masizi. Lwitiko alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akijipaka mafuta kwenye nyusi zilizobabuka.

"Hebu niambieni nyie vijana," Siwema akasema bila kuinua kichwa. "Mtu akiwa anasalimu, hakatizwi kabisa?"

"Si umeona? Hata moto umeambiwa usubiri," Lwitiko akajibu. "Mimi nyusi zangu zimesubiri, ona zilipo."

"Hata akisema nini?"

"Mradi kiwe ndani ya salamu, mama. Ukitoka nje ya salamu tu, filimbi."

Siwema akaikamua ile khanga mpaka tone la mwisho. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akicheka, na hakikuwa kicheko cha kumfurahisha mtu.

Tangu siku hiyo akawa moto wa kuotea mbali. Alikariri vyeo vya wakubwa wote, na vya wake zao, na vya wale waliokwisha kufukuzwa kazi lakini bado wanapenda kutajwa. Alikohoa kwa kipimo. Alifuta jasho ambalo halipo. Dakta Magoda alilia akimsikiliza, akamwita ushahidi hai kwamba hata watu wa Ng'ambo wanaweza kustaarabika. Baba Mlezi alipokubali kuwa mgeni rasmi wa mahafali, mwanafunzi wa kusema kwa niaba ya wenzake hakuwa na mpinzani.

*

Siku ya mahafali watu wa Ng'ambo walivuka kwa kamba tangu alfajiri. Walikuja na nguo kavu wamezibeba kichwani, wakabadilisha kwenye vichaka, wakaketi nyuma ya hema wakiwa wamenyooka kama watu waliokwenda kupiga picha. Mbele yao alikaa Bibi Nambosha, mkunga aliyewazalisha karibu wote waliokuwa pale. Hawakupewa maji ya kunywa, kwa sababu hawakuwa na vyeo.

Siwema akapanda jukwaani. Akagonga maiki kwa kidole cha kati. Akakohoa, na Dakta akafumba macho kwa utamu.

"Namsalimu," akaanza, "Mtukufu Baba Mlezi, Mpenda Watu, Mfungua Milango, Mshika Mkasi Mkuu, aliyelizindua Daraja la Mto Kivuma, daraja ambalo halipo."

Makofi yakalipuka.

Nikatazama meza kuu. Hakuna aliyeshtuka. Baba Mlezi alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekunwa mgongo.

"Namsalimu kwa namna ya pekee Mheshimiwa Injinia Sudi Ngalaba, Waziri wa Madaraja, Vivuko na Furaha ya Wasafiri, ambaye saruji ya daraja letu imeishia kwenye ghorofa lake jipya, lile lenye simba wawili getini."

Waziri Ngalaba alisikia jina lake, akasimama, akafunga kifungo cha koti, akainama kulia, akainama kushoto. Makofi.

"Namsalimu kwa namna ya pekee zaidi Mheshimiwa Hakimu, Nguzo ya Haki, Mjomba wa Wanyonge, aliyewafunga baba zetu kwa kukata magogo ili watoto wasizame."

Makofi. Hakimu akapunga leso.

"Na sasa namsalimu marehemu Akwilini, Mvusha Watoto wa Ng'ambo, aliyekufa akiwa ameshika utepe wenu. Namsalimu marehemu Tamimu, wa darasa la kwanza, aliyekuwa anawahi namba. Nawasalimu na marehemu wote mtakaotuletea masika haya, msipotamka leo kwamba daraja halipo. Shikamooni."

Watu walipiga makofi mpaka njiwa wakahama kwenye paa lililobaki. Usidhani walikuwa wakatili. Waliotoka chuo kile hawasikilizi salamu; wanasubiri pale mtu anapovuta pumzi, wanapiga makofi. Ni kama mtu anywavyo uji, hatafuni. Nyuma kule tu, kwa watu wa Ng'ambo, hakuna aliyepiga. Wao walikuwa wamesikia.

Baba Mlezi akainuka kujibu. Alisubiri makofi yaishe, halafu alisubiri kidogo ili yaanze tena.

"Nimeguswa," akasema. "Nimezunguka dunia. Nimesalimiwa na wafalme. Lakini kusalimiwa namna hii, kwa mpangilio huu, kwa unyenyekevu huu, sijapata. Binti, salamu zako zote nimezipokea, hata moja haikudondoka. Na mimi nawasalimu watu wa Ng'ambo. Huyo Bwana Akwilini uliyemtaja, na huyo kijana mdogo wa darasa la kwanza, wapelekee salamu zangu. Waambie Baba anawakumbuka, wazidi kuchapa kazi."

Makofi.

"Na kwa kuwa mmenisalimu vizuri, ninakuja mwenyewe Mto Kivuma. Daraja zuri halichoki kuzinduliwa!"

Nilitaka kutapika. Lakini kutapika mbele ya mgeni rasmi kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mahafali.

Siwema alishuka jukwaani na cheti cha daraja la kwanza, na Dakta Magoda akimfuata nyuma amelowa machozi hadi kwenye tai. Nyuma ya hema Bibi Nambosha akamshika mkono.

"Mwanangu, amesikia?"

"Amesikia sauti, bibi. Maneno hayakuingia."

"Kapeleka salamu kwa maiti."

"Nimesikia."

Bibi akatema mate pembeni. "Nimewaitikia hawa tangu nilipovunja ungo. Hamjambo, hatujambo. Oyee, oyee. Kila aliyekuja na gari nilimwitikia."

"Basi tusiwaitikie," Siwema akasema.

Watu wakatazamana. Mtu wa Adabuni ukimwambia asiitikie salamu ni sawa na kumwambia azuie chafya. Bibi Nambosha akamwachia mkono.

"We Siwema! Hata mchawi ukikutana naye asubuhi njiani, akikusalimu unamwitikia."

"Mchawi akikusalimu, bibi, walau amekuona."

Wakafunga nguo zao kavu vichwani, wakarudi mtoni.

*

Baba Mlezi alitimiza ahadi yake, jambo ambalo liliwashtua wengi. Alikuja Kivuma na msafara mrefu kama utumbo, zulia jekundu, bendi ya polisi, na redio ya taifa ikirusha matangazo moja kwa moja nchi nzima. Sisi wahitimu tulibebwa kwenye lori kwenda kupiga makofi. Mawingu yalikuwa yamekaa chini na mto ulikuwa umeanza kubadilika rangi. Ukingo wa pili, watu wa Ng'ambo waliketi chini, wazee, watoto, wanawake wenye vichanga, wote. Walikuwa wametulia mno.

Utepe ukanyooshwa. Mkasi ukaletwa. Baba Mlezi akaikaribia maiki, akaigonga.

"Wana Ng'ambo, hamjambo!"

Kimya.

Maji yakapita. Mtoto mmoja kule akapiga chafya, mama yake akamfuta pua.

"Hamjamboooo!"

Kimya.

Katika nchi ile hakuna aliyewahi kusikia kimya kile. Baba Mlezi akaitazama maiki kama mtu aliyeumwa na kuku wake. Dakta Magoda, aliyeletwa kama mshauri wa itifaki, akakimbia na tai yake hadi kwa fundi mitambo. Fundi akaapa kwa mama yake mzazi kwamba vipaza sauti vinafanya kazi, na kwamba ng'ombe wa kijiji cha tatu wamegeuza vichwa.

"Wana Ng'ambo, oyeee!"

Kimya.

"Hatujambo, Mtukufu!" Waziri Ngalaba akapaza sauti kutoka upande wetu, jasho likimtiririka.

Dakta akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mheshimiwa, haihesabiki. Mtu hajiitikii."

"Wewe si hujiitikia kila siku?"

"Mimi nina shahada ya uzamivu."

Hotuba haikuweza kuendelea, maana salamu haijaitikiwa. Utepe haukuweza kukatwa, maana hotuba haijaendelea. Chakula hakikuweza kuliwa, maana utepe haujakatwa, na harufu ya kuku wa kukaanga ilikuwa imeshaanza kuwatesa mawaziri. Mtangazaji wa redio, akiwa hana la kusema, alikuwa akiieleza nchi nzima rangi ya zulia.

Ndipo Baba Mlezi akafanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na mtu wa cheo chake. Akavua kofia, akainamisha kichwa kuelekea wakulima wale waliokaa mavumbini.

"Shikamooni wazee wangu."

Upande wetu watu waliguna. Mlinzi mmoja alilia. Nikamtafuta Bibi Nambosha kwa macho, nikamwona. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Marahaba ilikuwa imeshafika mlangoni, umri wote ule wa adabu ukiisukuma kwa nyuma. Akavuta pembe ya khanga yake, akaishindilia mdomoni, akaiuma. Machozi yakamtoka. Hakuitikia.

"Kwani mna nini nyie watu?" Baba Mlezi akasema.

Swali hilo halikuwa limeandikwa popote. Lilimtoka kama mtu yeyote linavyomtoka, bila cheo, na baada ya kulisema alionekana kulishangaa.

Siwema akasimama. Alikuwa amemshika Tumsime mkono. Hakukohoa wala hakumtaja mtu.

"Daraja halipo!"

Sauti yake ilivuka maji bila kushika kamba.

Baba Mlezi akageuka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliutazama ule mto, yeye aliyekwisha kusimama pale na mkasi, mgongo kwa maji na uso kwa kamera. Akatazama ukingo huu, akatazama ule, akatazama katikati, maji ya kahawia yakizungusha shina la mti kama mwanasesere. Akatafuta nguzo. Akainama kidogo, labda lipo chini.

"Kumbe daraja halipo," akasema.

Maiki ilikuwa wazi. Redio ilichukua neno lile ikalipeleka kila nyumba yenye betri, na kabla mwangwi haujafa lilikuwa sheria.

Waziri Ngalaba alijirusha kwenye maiki kwa mikono miwili. Alijua kitu kimoja tu cha kufanya, kile ambacho sote tulifundishwa.

"Mtukufu Baba Mlezi, Mpenda Watu, Mfungua Milango, Mshika Mkasi Mkuu, Mheshimiwa Waziri Mwenzangu wa Utulivu, Mlezi wa Kwaya, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mlezi wa Vilabu vya Bao, Kamanda wa Usafi, Shemeji wa Taifa..."

Hakuna aliyeweza kumkatiza. Baba Mlezi alirudi kitini, na nilimwona uso wake ukilegea, mashavu yakirudi mahali pake, kama mtu aliyeota kwamba yuko uchi sokoni kisha akaamka na shuka. Wakubwa wakajinyoosha vitini, kila mmoja akisubiri kutajwa. Dakta Magoda akafumba macho.

Ng'ambo ya pili watu waliinuka mmoja mmoja, wakafuta vumbi makalioni, wakawapa mgongo wakubwa wote wa Adabuni, wakaingia msituni. Siwema alikuwa mbele na shoka begani.

Waziri alikuwa bado kwenye Kamati ya Viti mlio ulipoanza. Ulikuja kutoka kwenye miti, shoka moja, kisha nyingine, kisha nyingi kwa pamoja, kavu, za haraka, zikijibizana juu ya maji.

Baba Mlezi akainua sikio. Uso ukamng'aa. Alidhani ni makofi. Akageukia Ng'ambo, akatabasamu, akapunga mkono.